Mapambo ya Sikukuu ya Vitambaa vya Kukunja: Kasoro Zinazojirudia na Tiba Zake

Mwongozo huu unahusu mapambo matatu madogo: nyota ya pembetatu, mti wa nusu duara na ua la petali tano. Yote yanashonwa kwa kitambaa chepesi cha pamba. Kasoro nyingi zinazolalamikiwa huonekana wakati wa kushona, ila huwa zilianza mapema, kwenye mkasi na pasi. Ndiyo maana karibu kila sehemu hapa chini inaanza na rula kabla ya sindano.

Vipimo vinavyotumika ni hivi. Ukiwa na vyako, badili hesabu kwa uwiano.

Nyota: vipande 20 vya sm 6 × 3.6. Upande mmoja mrefu hukunjwa mm 6 kuelekea nyuma ya kitambaa, kisha kona zake mbili hushushwa zikutane katikati. Inatoka pembetatu yenye kitako cha sm 6 na kimo cha sm 3. Mzunguko wa kwanza una pembetatu 4, ncha zikiwa katikati kabisa. Wa pili una 8, ncha zikiwa sm 1 kutoka katikati. Wa tatu una 8, ncha zikiwa sm 2. Zote hushonewa kwenye mraba wa sm 14, ambao mwishoni hukatwa duara la upana wa sm 8, likawekewa kadibodi na kitambaa cha mgongo, kisha ukingo ukafungwa kwa utepe.

Mti: nusu duara mbili za nusu kipenyo sm 10, ukiongeza mm 6 za mshono pande zote. Hushonwa pamoja, hugeuzwa kupitia tundu lililoachwa, kisha hukunjwa kama feni.

Ua: duara tano za upana wa sm 8, kila moja ikikunjwa mara mbili hadi iwe robo, yaani petali. Zote hupitishwa uzi mmoja kwenye ukingo wa mviringo, kisha uzi huvutwa.

## Ncha nne za nyota hazikutani katikati

Usifumue kitu bado. Chukua karatasi yenye kona safi, uweke ncha ya pembetatu moja ndani ya kona hiyo. Kona ya karatasi ni digrii 90, na ncha yako inapaswa kujaa humo bila kubaki nafasi wala kuzidi. Kipimo hiki cha sekunde tano kinakuambia kama kosa liko kwenye mkunjo au kwenye upangaji, na hayo ni makosa mawili yenye tiba tofauti kabisa.

*Ncha inajaa kwenye kona vizuri.* Basi mkunjo ni mzima, kosa ni la kupanga. Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba alama ya katikati ilifunikwa na kipande cha kwanza, na vitatu vilivyofuata vikawekwa kwa kukadiria. Chora mistari minne inayopita katikati, ifike hadi kingo za mraba. Utapata miale minane ambayo haifichiki. Kisha choma pini moja kutoka nyuma, isimame wima katikati, na kila ncha iiguse pini hiyo. Panga kwa jozi zinazotazamana: juu na chini kwanza, halafu kushoto na kulia. Ukizunguka kama mshale wa saa, kosa dogo la kipande cha kwanza linasukumwa hadi cha nne na lote linajikusanya hapo.

*Ncha imepanuka kuliko kona.* Kona mbili ulizoshusha hazikukutana, kuna mwanya kwenye mstari wa kati. Vipande vinne vya namna hii vinapandana. *Ncha ni nyembamba kuliko kona:* kona zimepishana, na ukivipanga utaona kitambaa cha msingi kikichungulia kati yao. Kwa yote mawili, fungua kipande, kipige pasi kiwe bapa, kunja katikati kwa upande wa urefu ili upate mstari wa kukuongoza, kisha shusha kona hadi kwenye mstari huo. Zigusane tu.

*Ncha ilikuwa sawa, ikahama wakati wa kushona.* Pini pekee haitoshi. Piga kishono kimoja kidogo mm 2 kutoka kwenye ncha, kishike midomo yote miwili ya mwanya na kitambaa cha msingi. Hiki kinabaki, hakifumuliwi. Vitako navyo vishike kwa bandi (vishono virefu vya kushikiza) mm 3 kutoka ukingoni.

*Ncha ina donge.* Kitambaa ni kizito, na lile pindo la mm 6 limejikusanya pale juu. Badili kitambaa. Kupunguza pindo kunawezekana, lakini chini ya mm 4 linaanza kutoroka.

Mwanya wa mm 1 au chini kati ya ncha unatibika: pitisha uzi chini ya ncha zote nne, uvute taratibu, ufunge nyuma. Mwanya wa mm 2 na zaidi, fumua. Wengi hukimbilia kuuficha kwa kifungo kikubwa, lakini mzunguko wa kwanza ukiwa umehama, wa pili na wa tatu inaufuata, na kifungo hakifiki huko.

## Nyuzi au kingo mbichi zinachungulia

Tazama nyuzi, au kingo zisizopindwa, zinatokea wapi.

Kwenye mwanya wa katikati ya pembetatu: pindo lilikunjwa jembamba. Watu hulikadiria kwa jicho, likaanza na mm 6 upande mmoja na kuishia mm 3 upande wa pili. Kata kipande cha kadibodi chenye upana wa mm 6, ukunjie kitambaa juu yake, na upige pasi kikiwa ndani.

Kwenye ukingo wa nyota: utepe haukushika vitako vyote. Kabla ya kukata duara la sm 8, piga bandi kulizunguka mm 3 ndani ya mstari, ukipita tabaka zote. Ukikata kwanza, vipande vya chini vinateleza na huwezi tena kuviona.

Kwenye kona za mti: mshono ulipunguzwa mno kabla ya kugeuza. Kona ikatwe mshazari, ibaki mm 2 kutoka kwenye uzi. Kama tayari imetoboka, geuza ndani nje, shona mstari mpya mm 2 ndani zaidi kwenye kona hiyo, na ufanye hivyo hivyo kona ya pili ili zilingane.

Nyuma ya ua, kingo mbichi ni za kawaida. Zifunike kwa kiduara cha kitambaa kigumu.

Kama nyuzi zinafumuka kila mahali, hata kabla hujashona, kitambaa ni chepesi cha kufumuka kwa asili yake. Lowesha kwa wanga wa kupigia pasi *kabla* ya kukata, kiache kikauke, kipige pasi, ndipo ukate. Wanga ukiwekwa baada ya kukata, vipande hunywea na kujipinda, na sm 6 zako hazitakuwa sm 6 tena.

## Nyota imejikunja kama sahani

Iweke mezani bila kadibodi. Ikiwa kingo zimeinuka, karibu mara zote uzi ulivutwa mno kwenye bandi za mizunguko. Kata bandi hizo katika sehemu tatu au nne bila kuzitoa; mara nyingi nyota hulala yenyewe. Ikilala, piga bandi upya kwa mkono mwepesi.

Isipolala, kitambaa cha msingi kilinywea kwa mvuke wa pasi wakati vipande vya juu vilikuwa vimeshanywea. Hili ni kosa la kutofua vitambaa vyote kabla ya kazi. Hapa hakuna tiba safi. Unaweza kukikata kitambaa cha msingi nyuma, mikato mifupi kati ya miale, kisha ukaweka kadibodi ngumu, lakini mikato isifikie bandi.

Ikiwa nyota ni bapa ila *ukingo wake* una makunyanzi, utepe ulikatwa kufuata nyuzi za kitambaa badala ya mshazari. Utepe wa mshazari hutanuka upande wa nje wa duara. Ulionyooka na nyuzi haukubali. Kata mpya, upana sm 3 na urefu sm 28: mzunguko wa duara ni karibu sm 25, nyingine ni za kupishanisha.

## Mti hauna ngazi, au umelalia upande mmoja

Sababu ya kwanza: nusu duara imekunjwa sehemu zilizo sawa. Inaonekana ndiyo njia ya haki, lakini mikunjo iliyo sawa inafunikana kabisa, na mti unabaki pembetatu nene isiyo na ngazi. Kila mkunjo lazima uwe mwembamba kuliko uliotangulia.

Pima kwa tepu juu ya ukingo wa mviringo, kuanzia kona moja: sm 7.7, kisha 7.0, kisha 6.3, kisha 5.6, na kitakachobaki ni karibu sm 4.9. Weka alama ya chaki kila mahali. Kila mkunjo unatoka kwenye alama na kwenda kwenye ncha ya juu, yaani katikati ya upande ulionyooka. Kunja kwenda na kurudi, kama feni ya karatasi. Ngazi zitapishana kwa mm 7 hivi kwenye kitako, kushoto na kulia sawasawa, na mti utakuwa na upana wa sm 7.5 chini.

Mti ukilalia upande, vuta mstari kutoka kwenye ncha hadi katikati ya kitako cha tabaka la juu. Mstari huo usipougawa mti sawa, alama moja ilipimwa kwa rula iliyonyooka badala ya tepu inayofuata mviringo, au mikunjo haikufika kwenye ncha moja. Kagua ncha kwanza. Ndiyo inayokosewa zaidi.

Kuna jambo linaloripotiwa kama kasoro na si kasoro: ngazi za kushoto zinaonyesha kitambaa kimoja, za kulia zinaonyesha cha pili. Ndivyo mkunjo wa kwenda na kurudi unavyofanya kazi, maana kila ukigeuka unaonyesha mgongo. Asiyependa atumie kitambaa kimoja pande zote mbili.

Mti unafunguka wenyewe. Mara nyingi uliondolewa chini ya pasi ukiwa wa moto. Bonyeza pasi sekunde kumi, inua, na papo hapo weka kitabu kizito juu yake mpaka upoe kabisa. Mkunjo hukaa wakati wa kupoa. Sababu ya pili ni kitambaa cha polista, ambacho hakishiki mkunjo kwa joto linalokifaa, na joto kali zaidi litakiunguza. Sababu ya tatu ni kutoshikiza: piga vishono viwili vilivyofichwa, kimoja kila upande, sm 1 juu ya kitako.

Ncha ya juu ni butu. Pale pana tabaka kumi za kitambaa bila kuhesabu mshono. Kabla ya kugeuza, punguza mshono uwe mm 3 kwa sm 1 kila upande wa ncha. Tundu la kugeuzia liwe sm 4, lianze sm 3 kutoka kwenye ncha. Wanaoliacha katikati ya upande ulionyooka wanajitafutia donge. Baada ya kukunja, funika ncha kwa kitambaa na uigonge mara mbili tatu kwa nyundo ndogo.

## Ukingo wa mviringo wa mti una kona-kona

Kwanza jaribu la bure: ingiza kijiti butu kupitia tundu, sukuma mshono kwa nje taratibu, piga pasi. Ikisaidia, kazi imekwisha.

Isiposaidia, mshono wa ndani umebanana. Geuza ndani nje, kata vijipembe vya V kila sm 1, viishie mm 2 kabla ya uzi. Mkato mmoja ulionyooka hautoshi hapa, maana mviringo ukigeuzwa kitambaa cha ndani huwa kingi na lazima kiondolewe. Vijipembe vikiwepo na kona bado zipo, basi mshono wenyewe ndio una kona: ulishona kwa hatua ndefu. Weka cherehani kwenye hatua ya mm 1.5 hadi 1.8, na ukisimama kugeuza kitambaa, sindano iwe chini.

## Ua lina tundu kubwa katikati

Hapa hisia inadanganya. Mtu akiona tundu hudhani ashone kwa vishono vidogo zaidi, na tundu linazidi. Vishono vidogo hutoa marinda mengi membamba yanayojazana katikati na kuzuia ua lisifunge. Piga bandi ya mm 5, umbali wa mm 5 kutoka ukingo wa mviringo wa robo. Kila petali itachukua vishono vichache tu vinavyoonekana, na inatosha.

Sababu inayofuata: petali ya tano haikuunganishwa na ya kwanza. Ukimaliza ya tano, rudisha sindano kwenye mkunjo wa ya kwanza kabla ya kuvuta. Sababu ya mwisho ni kitambaa kizito. Hapo pitisha uzi katikati mara tatu kutoka petali hadi petali inayoikabili, na ukubali kifungo cha sm 1.5.

Uzi unakatika ukivuta. Uzi wa zamani, au mmoja mmoja. Ujaribu kwa kuukata mkononi: uliooza hukatika bila kelele wala ubishi. Tumia polista, kata mita 1, ukunje uwe maradufu. Vuta marinda baada ya kila petali, usingoje zote tano. Na mwanzoni usitegemee fundo pekee, rudia kishono cha kwanza mara mbili mahali pale pale.

Petali hazilingani. Ukipima duara zote zikatoka sawa, tazama mkunjo. Duara iliyokunjwa kufuata nyuzi hutoa petali ngumu yenye kingo zilizonyooka; iliyokunjwa mshazari hutoa petali laini inayotanuka. Kuchanganya hizi mbili kwenye ua moja ndiko kunakolifanya lionekane limechoka upande mmoja. Weka alama ndogo ya chaki upande wa nyuzi za urefu kabla hujakata.

## Sindano haipiti, inapinda au inavunjika

Kwa mkono: sindano fupi nyembamba, namba 9 au 10, na tondoo kidoleni. Ukilazimika kuivuta kwa koleo kila mara, kishono kimepita kwenye makutano ya mikunjo. Sogeza mm 3 pembeni.

Kwa cherehani: badili sindano kwanza. Namba 80 inatosha tabaka chache za pamba. Kwenye ukingo wa nyota weka 90, na uzungushe gurudumu kwa mkono sehemu nene. Ikiendelea kuvunjika, kagua kama imeingia hadi juu na kama kibobini kimekaa sawa.

Simama hapa. Cherehani ikitoa harufu ya kuungua, moshi, au gurudumu likigoma hata bila kitambaa, chomoa umeme na uipeleke kwa fundi wa cherehani. Usiifungue ili kuipaka mafuta mota yake ya umeme.

Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyote kabla ya kuendelea. Kikiwa kidoleni, usikichokonoe. Nenda hospitali, maana kipande kidogo huzama zaidi ukikisukuma. Na pini zihesabiwe: zilizoingia kwenye kazi na zilizotoka. Pini iliyosahauliwa ndani ya nyota yenye kadibodi haionekani, inahisiwa na mtu mwingine.

## Pasi imeacha mng'ao, au rangi imetoka

Mng'ao kwenye pamba ya rangi nzito mara nyingi huondoka ukiweka kitambaa chenye unyevu juu yake na kugusisha pasi kidogo. Kwenye polista nyuzi zimeyeyuka juu na hazirudi. Kata kipande kingine. Kote, pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe. Kuburuta ndiko kunakogeuza mraba kuwa msambamba.

Nyekundu ikichafua nyeupe, usipige pasi, joto litaikaza rangi hapo hapo. Kama hakuna kadibodi ndani, suuza kwa maji baridi mara moja na urudie hadi maji yatoke safi. Kama kadibodi imeshaingia, huwezi kuliokoa pambo bila kufumua utepe. Jaribio la kuzuia yote haya ni la dakika moja: sugua kitambaa chekundu kwa pamba nyeupe iliyoloa, na kama imebeba rangi, kifue peke yake kwanza.

Waya wa pasi ukiwa umechanika, au ukihisi mtetemo wa umeme ukiigusa, izime kwenye swichi ya ukutani na umwachie fundi umeme. Kitambaa cha kumbukumbu ya familia, chenye tarizi au kilichozeeka, nacho usikijaribie mkono. Tengeneza pambo zima kwa kitambaa kingine kwanza. Kikianza kuchanika kwenye mkunjo, kiache, umwonyeshe fundi anayeshughulika na nguo za zamani.

## Pambo linageuka na kuonyesha mgongo

Kamba imeshikwa sehemu moja, na uzi uliosokotwa hujisokotoa wenyewe ukibeba uzito. Tumia utepe bapa, ushone miguu yake miwili sm 1.5 mbali mbali kwenye ukingo wa juu, si mgongoni. Ukishonwa mgongoni, nyota huinamisha uso chini.

Likiinama hata hivyo, kifungo cha mbele ni kizito. Kibadili kwa chepesi, au shona kingine kama hicho nyuma. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo acha vifungo na shanga kabisa, weka fundo la uzi mnene katikati, na mapambo yote yakae mbali na mishumaa.